Fundo la Kufunguliwa

Kitambaa kilikuwa juu ya meza ya Inspekta, ndani ya bahasha ya kaki, na Sajini Thabiti aliambiwa akanawe mikono kabla ya kukigusa. Alikuwa ameingia Mtwara alfajiri ile ya Jumanne akitokea Kitaya, alikokaa siku sita akifuatilia wizi wa mitumbwi, na matope ya Ruvuma yalikuwa bado kwenye kucha zake. Akaenda akanawa, akarudi. Inspekta, Mzungu mwenye haraka na Kiswahili cha kuamrisha tu, hakumpa kiti.

"Kesi imekwisha," alisema. "Nyapara amepigwa kisogo, amenyongwa kwa kitambaa hiki, amefichwa ndani ya turubai. Mfunga maturubai yuko mahabusu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi lori linampeleka Lindi, kortini."

"Amekiri, Bwana?"

"Analia juu ya turubai tu. Kichwa chake si kizuri."

Thabiti alikuwa mpelelezi wa kituo kile mwaka wa saba sasa. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa maneno, mwenye tabia moja iliyowakera wakubwa wake: karatasi haikumtosha mpaka ashike kitu. Akaisoma ripoti akiwa amesimama. Marehemu alikuwa Mgeni bin Issa, nyapara wa yadi ya korosho nyuma ya bandari. Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua ilinyesha, na asubuhi alionekana mzima, akigombana na mfunga maturubai mbele ya watu. Mchana yadi ilibaki tupu kwa sababu ya sala, na baada ya sala ikanyesha mvua kubwa, kazi ikaahirishwa. Jumamosi asubuhi wapakizi arobaini walifika wakakuta turubai la akiba limeviringishwa chini ya rundo la saba la magunia. Walipokuwa wakilishangaa, likafunguka. Hakuna aliyeligusa. Kamba ya kwanza iliachia, ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu, ubavu wa turubai ukainuka na upepo, na ndani alikuwamo Mgeni, amelala kwa ubavu wa kulia, macho yamefumbwa. Watu wote arobaini walikimbia, na tangu siku ile hakuna aliyekubali kurudi yadini.

Marehemu alikwisha kuzikwa Jumamosi ileile jioni. Kilichobaki kwa Thabiti kilikuwa kile kitambaa.

Kilikuwa ukanda uliochanwa kwenye kanga ya zambarau, ncha zake mbili zimefungwa pamoja. Fundo halikuwa limefunguliwa.

"Kilikuwa sehemu gani, Bwana?"

"Shingoni."

"Kabla askari hawajamnyanyua, au baada?"

Inspekta alifikiri kidogo. "Baada."

Thabiti akakivaa kitambaa shingoni kwake. Kikamning'inia kifuani kama shada la maua ya harusini. Halafu akakipandisha: akakipitisha chini ya kidevu, akakipeleka mbele ya masikio mpaka utosini. Kikakaa sawasawa.

"Unafanya mchezo gani?" Inspekta akauliza.

Thabiti hakuweza kujibu, kwa sababu kinywa chake kilikuwa kimefungwa. Ilibidi akivue kwanza.

"Kitanzi hiki ni kikubwa mno, hakimnyongi hata ng'ombe. Hiki ni cha kumfunga taya mtu aliyekwisha kufa, asibaki na kinywa wazi. Sisi huwafunga hivi maiti wetu, Bwana. Askari walipomnyanyua, kikateremka shingoni."

"Muuaji anamfunga taya mtu aliyemuua? Kwa nini?"

"Sijui bado."

"Basi ujue kabla ya saa kumi na mbili kesho," Inspekta akasema, akairudisha bahasha mezani. "Lori halitamngoja Sajini."

*

Alawi, mfunga maturubai, alikuwa ameketi kwenye sakafu ya mahabusu, miguu mirefu imekunjwa. Mikono yake ilikuwa na sugu za katani mpaka kwenye viwiko. Alipomwona Thabiti aliruka wima.

"Sajini! Afadhali umekuja, maana hawa hawanisikilizi. Wanasema nimeua. Haya, hilo Mungu analijua. Lakini wanasema turubai nimelifunga mimi, kisha likafunguka lenyewe mbele za watu! Hilo nalikataa. Nalikataa mpaka Lindi."

"Alawi, unajua wanataka kukunyonga?"

"Najua." Sauti yake ilipungua. Aliogopa, na hakujaribu kuficha. "Lakini nikinyongwa kwa turubai lililofunguka, watoto wangu wataambiwa baba yenu alikuwa mfungaji wa namna gani? Turubai langu halifunguki, Sajini. Linachanika, lakini halifunguki."

"Unalifungaje?"

Uso wa Alawi ukachangamka kidogo. Alieleza kwa vidole vyake hewani. Katani ikilowa hunywea, kwa hiyo ukiona mawingu huachia nafasi ya kidole kimoja, la sivyo kamba itang'oa matundu ya turubai. Kila kamba huzungushwa mara mbili, mwisho wake unarudi chini na kubanwa, na kulifungua fundo hilo ni kazi ya meno au kisu. "Na mdomo, Sajini! Mdomo wa turubai ndiyo kila kitu. Kaskazi ikishaanza, midomo yote naigeuza kusini, upepo uupige mgongo. Ukiuelekeza mdomo kaskazini umelifungulia mlango. Hata wiki haimalizi."

"Ijumaa wakati wa sala ulikuwa wapi?"

"Msikitini."

"Msikiti upi?"

Alawi akatazama ukutani.

"Ulisali karibu na nani?"

"Nililala," alinong'ona. "Juu ya rundo la tatu, chini ya turubai. Nilikuwa nimeudhika, Mgeni alinitukana asubuhi. Lakini tafadhali, asijue mtu. Mama yangu yu hai, akisikia nimeacha Ijumaa nikalala..."

"Alawi! Kitanzi hicho kiko usoni pako, unamwogopa mama?"

"Wewe humjui mama yangu."

Thabiti alijizuia kucheka. "Ulisikia nini ulipolala?"

Alawi aliangalia mlango kwanza. Alipoanza kusema, vinyweleo vya mikono yake vilikuwa vimesimama.

"Nilisikia kitu kizito kikianguka, nikadhani gunia. Nikarudi usingizini. Halafu nikasikia mtu anasoma. Yasini, Sajini. Yadi tupu, watu wote msikitini, upepo unavuma, na mtu anasoma Yasini chini kwa chini, pole pole, kama anamsomea mtoto. Nikajua hayo ni yangu. Nimeacha sala, majini wamenifuata. Nikajifunika gubigubi mpaka mvua ilipoanza."

"Sauti ya mwanamume au mwanamke?"

"Sauti nyembamba. Jini anaweza kuwa na sauti yoyote."

"Mbona hukumwambia Inspekta?"

"Nimwambie Mzungu nimemsikia jini anasoma Yasini?" Alawi alimtazama kwa huruma, kana kwamba Sajini ndiye aliyefungwa.

*

Yadi ya korosho ilikuwa na marundo kumi na mawili, kila moja kimo cha watu wawili. Thabiti alifika adhuhuri, jua la utosi, na hakukuwa na kivuli cha kujificha mtu wala kitu. Hata hivyo alisimama getini kidogo kabla ya kuingia. Kaskazi ilikuwa ikivuma. Upepo uliingia chini ya maturubai ukayainua, ukatulia, yakashuka, ukaingia tena. Marundo yote kumi na mawili yalikuwa yakipumua, kila moja kwa wakati wake. Mahali fulani nyuma pindo moja lilikuwa limelegea, likawa linapiga, pa, pa, pa, linanyamaza, linapiga tena, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na wenyewe.

Thabiti alisoma bismillahi kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, akaingia.

Turubai la akiba lilikuwa bado palepale chini ya rundo la saba, limefunguka, mavi ya kunguru juu yake. Woga wa watu ndio uliomlindia ushahidi: tangu Jumamosi hakuna aliyesogeza hata kamba. Akachuchumaa. Kamba zilikuwa tatu, sehemu za katikati zimelaliwa na turubai, ncha ziko nje. Zililowa siku ya Ijumaa zikakauka na umbo lake, na Thabiti akaisoma mikunjo yake. Kamba za Alawi, alizozitazama kwenye rundo la jirani, zilikuwa zimebanwa mpaka nyuzi zimelala. Hizi zilikuwa na pindo moja jepesi tu, la fundo linalofunguka ukivuta ncha.

Ncha zote tatu zilikuwa upande mmoja. Na mdomo wa turubai ulielekea kaskazini, unapotokea upepo.

Mfunga maturubai hangefanya hivyo hata akiwa amelewa. Yeyote wa bandarini hangefanya hivyo. Basi aliyelifunga hakuwa akifikiria upepo. Alikuwa akifikiria nini, mpaka auache mdomo kaskazini?

Thabiti alisimama, akatazama upande ule. Kwa mtu wa Mtwara, kaskazini ndiko iliko Makka.

Ndipo mikono yake ilipokumbuka kabla ya kichwa chake. Miaka mitatu nyuma alishuka kaburini kumpokea baba yake, na yeye ndiye aliyevuta ncha zile. Kichwani, kiunoni, miguuni. Mafundo huwekwa ubavu wa kushoto, ili maiti akilazwa kwa ubavu wa kulia yabaki juu, mkono uyafikie. Na hufungwa kwa namna ya kuvutwa mara moja tu, kwa sababu sanda haizikwi imefungwa.

Mgeni alifumbwa macho, akafungwa taya, akaelekezwa kibla, akafungwa mafundo matatu, akasomewa Yasini. Aliyefanya hayo hakutaka apotee. Alitaka aje mtu amfungue.

"Hakufichwa," Thabiti alisema kwa sauti, peke yake kati ya magunia. "Alisitiriwa."

Pindo lililokuwa likipiga lilinyamaza. Alisubiri lipige tena, halikupiga, na hilo halikumpendeza hata kidogo. Akaamua kupanda juu ya rundo ili afanye kitu.

Ripoti ilitaja kubazi moja mguuni kwa marehemu, la pili halikuonekana. Thabiti alikwea kwa kushika kamba za Alawi, ambazo hazikutikisika, akafika juu. Katikati turubai lilikuwa limebonyea, na maji ya mvua ya Ijumaa yalikuwa bado yametuama pale. Maji kama hayo hutakiwa kumwagwa upesi, la sivyo yanaozesha korosho. Alipiga hatua mbili, ya tatu mguu ukamkimbia. Turubai lile lilikuwa limepakwa mafuta, na likilowa halimshiki mtu. Alianguka kifudifudi, akateleza mpaka ukingoni, akakamata kamba. Mbele ya pua yake, kati ya gunia na gunia, lilikuwapo kubazi la ngozi, gidamu yake, ukanda wa kushika kidole, imekatika. Chini kabisa, alipotazama, palikuwa na magogo ya kuwekea magunia, na ncha ya gogo moja ilikuwa nyeusi kwa damu kavu mahali ambapo mvua haikufika.

Basi hakupigwa. Alipanda kumwaga maji, akateleza. Lakini palikuwa na mtu mwingine aliyeshuhudia, na mtu huyo alijua kufunga maiti.

*

Mlinzi wa geti, Salumu, mzee Mmakonde mwenye tumbo la kupenda kula, alikuwa amehamishia kiti chake ng'ambo ya barabara, mbali na yadi.

"Shikamoo, mzee Salumu. Ijumaa ulikwenda kusali?"

"Marahaba. Nilikwenda. Geti nikalifunga kwa kamba, kama siku zote."

"Uliporudi ulikuta limefunguliwa?"

"A-a, limefungwa vizuri. Tena siku hiyo Mungu alinihurumia. Kamba ile hunisumbua nkono huu unaouma, lakini Ijumaa nilivuta ncha mara moja, ikaachia yenyewe. Nikasema, ama kweli Ijumaa ni siku njema."

Thabiti hakuandika. Alitaka mzee aendelee tu.

"Nani huingia wakati wa sala?"

"Hakuna ntu. Nani aingie? Labda Mwasiti, wa vitumbua, huyo hata akiingia si ntu wa kuhesabu, kazoeleka. Lakini naye tangu Ijumaa simwoni. Siku ya tano leo, Sajini, nakunywa chai kavu! Nilimtuma ntu akamwulize kama anaumwa, mama yake akajibu, hatoki. Haumwi, hatoki. Sasa hiyo ni habari gani? Na ajabu zaidi, Jumapili kafa bibi mmoja kule Chikongola, wakamwita Mwasiti, hakwenda."

"Wakamwita kufanya nini?"

"Si ndiye mwosha wao! Wanawake wote wa mtaa ule huwaosha yeye. Hajawahi kukataa maiti, hata ya kipindupindu. Safari hii kajifungia ndani. Wakaenda kutafuta mwosha mpaka Mikindani."

"Ana mume?"

"Aliachika zamani. Hana ntu."

Mwanamke mwenye afya, ambaye hatoki nje, hauzi, hata kazi ya thawabu ameiacha, tangu Ijumaa mchana. Thabiti aliijua hali hiyo, kila mtu anaijua. Mwanamke hukaa hivyo miezi minne na siku kumi. Ila mwanamke anayekaa hivyo huwa amefiwa na mume.

"Mzee, nipe vipande vitatu vya katani," alisema.

*

Nyumba ilikuwa Chikongola, ya makuti, imefagiliwa. Kwenye kamba ya nguo zilianikwa nguo nyeupe tupu, bafta, bila kanga hata moja. Bi Salma, mama yake Mwasiti, alitoka ukumbini kabla Thabiti hajamaliza kupiga hodi.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba, baba. Mwanangu hatoki."

"Najua hatoki. Nami siingii. Nitakaa hapa ukumbini, yeye akae chumbani nyuma ya pazia, na wewe ukae katikati yetu. Ni maneno machache."

Bi Salma alimtazama muda mrefu. Akaelewa kwamba Sajini anajua, maana hakuna polisi anayetaka pazia kwa mwanamke asiye na eda. Akaketi, mgongo umemwinama.

"Dada Mwasiti," Thabiti akasema, "sikuja kwa ajili ya marehemu. Marehemu ameshazikwa. Nimekuja kwa ajili ya mtu aliye hai. Kuna mfunga maturubai anaitwa Alawi, yuko mahabusu. Kesho alfajiri anapelekwa Lindi, na atanyongwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na Mgeni Ijumaa mchana."

Pazia halikutikisika. Nje kaskazi ilikuwa ikichezea makuti ya paa.

"Alawi hakuwapo," sauti ikasema. Ilikuwa nyembamba, ya chini kwa chini.

"Hakuwapo wapi, dada?"

Bi Salma alijifunika uso kwa mikono. Nyuma ya pazia mtu alivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji.

"Mama, mbona hukuniambia wamemkamata mtu?"

"Ningekuambia ufanye nini?" mama akalia. "Uende ukawaambie nini?"

"Dada, aliteleza?" Thabiti aliuliza kwa upole.

"Aliteleza." Alisema haraka sasa, kama aliyekuwa akingoja kuulizwa. "Nilimpelekea chakula. Alikuwa juu anamwaga maji ya mvua ya usiku, akaniona, akaanza kucheka, akasema nimekuja kabla ya sala kwisha kwa kuwa namwonea wivu. Alikuwa anacheka, Sajini. Alifika chini amekwisha nyamaza. Ningepiga kelele, lakini watu wangekuja wangeniuliza, wewe ni nani wake? Na hilo nimeliapia. Nilishika msahafu kwamba sitatamka mimi ni nani kwake mpaka atamke yeye kwanza, kwa mke wake, Halima. Alisema atamwambia baada ya msimu wa korosho."

"Na sasa hawezi kutamka."

"Hawezi. Basi nikafanya ninachokijua. Nilichana kanga yangu nikamfunga taya. Mawingu yalikuwa yanakuja, na kunguru walikuwa wameshaanza kutua. Nikamsitiri kwa turubai, nikafunga kama inavyofungwa, nikamsomea. Nilijua sala ikimalizika watarudi, watavuta ncha, watamwona. Nilisema ni saa moja tu." Sauti ilikatika. "Mvua ikaja. Amelala pale usiku kucha, Sajini, na mimi niko hapa nasikiliza upepo. Sikuwahi kumwacha maiti wangu peke yake, hata wa mtu baki."

Bi Salma alikuwa akilia waziwazi. Thabiti akatoa karatasi na kalamu.

"Nitaandika hayo yote uliyoyasema," alisema. "Utaweka dole gumba."

"Na utaniandika nani? Maana lazima uandike. Mke?"

"Nitaandika, aliyemsitiri. Basi."

Bi Salma akapangusa macho.

"Lakini mkubwa wangu ni Mzungu," Thabiti akaendelea, "na maneno ya mtu asiyetaka kusema yeye ni nani hatayaamini. Anahitaji kuona." Akauviringisha mkeka wa ukumbini, akausukuma chini ya pazia pamoja na vipande vitatu vya katani. "Ufunge huu kama ulivyofunga siku ile. Kiapo chako ni cha ulimi, dada. Mikono haikuapa."

Aliona mikono tu. Hina ya zamani ilikuwa imebaki kwenye ncha za kucha. Haikusita wala haikurudia: kichwani, kiunoni, miguuni, ncha zote kushoto. Mkeka ulipotoka chini ya pazia ulitoka pole pole, umeelekezwa vizuri, na juu yake ilikuwa kanga ya zambarau iliyochanwa ukanda mmoja.

*

Kosa alilofanya Thabiti, na ndilo lililomwokoa Alawi, ni kwamba hakufikiri njiani itakuwaje. Aliuweka mkeka begani akatoka, akiwaza ripoti.

Fundi cherehani aliyekuwa barazani ndiye wa kwanza. Aliinua macho akasimama, cherehani ikaendelea kuzunguka yenyewe. "Inna lillahi," alisema, akavaa kofia yake. Kisha wauza samaki, wakaacha beseni zao. Mtu asiyejulikana alikuja nyuma bila neno, akaipokea ncha ya mkeka kwa bega lake. Mwingine akampokea huyo baada ya hatua chache, kama inavyopokezanwa. Thabiti aligeuka awaambie kwamba ni mkeka tu, akaziona nyuso zao, akashindwa. Walikuwa ishirini. Walipofika kwenye barabara ya kituo walikuwa zaidi ya arobaini, wengine ni wapakizi walewale wa yadi, wanatembea haraka na kimya, na kilichosikika ni upepo na viatu.

Inspekta alikuwa barazani. Alitazama kundi lile linakuja, akashusha kiko chake.

"Nani amekufa tena?"

"Hakuna, Bwana." Mkeka ulilazwa mbele yake na mikono mingi. "Huu ni mkeka. Hamna mtu ndani."

"Kwa nini wamekuja?"

"Wameona mafundo." Thabiti alifuta jasho. "Sikumwambia mtu neno lolote. Umefungwa na mikono ileile iliyolifunga turubai. Wapakizi walipoliona Jumamosi, lilikuwa chini ya rundo, nao walikuwa wanatafuta kazi, hawakutafuta maiti. Leo wameliona fundo hilo begani, na mji mzima umelijua. Kamba ya namna hii haifungi mzigo, Bwana. Haifichi mtu. Tazama."

Akavuta ncha ya kwanza, ikaachia. Ya pili. Ya tatu. Mkeka ukafunguka kwa upepo, ubavu ukainuka, na ndani hamkuwa na kitu. Hata hivyo watu arobaini wazima walisogea kuchungulia.

Inspekta akageuka akaingia ofisini, na Thabiti akamfuata. Thabiti aliweka mezani ile kanga, na ukanda kwenye bahasha ukaingia mahali pake, uzi kwa uzi. Akaweka kubazi lenye gidamu iliyokatika. Mwisho akaweka karatasi yenye dole gumba. Inspekta aliisoma mara mbili, akatia kidole kwenye neno moja.

"Neno hili. *Aliyemsitiri*. Maana yake ni kuficha?"

"Hapana, Bwana. Ukimficha mtu hutaki aonekane. Ukimsitiri, hutaki aonekane vibaya."

Mzungu akalirudia neno hilo kwa ulimi mzito. Kisha akachukua kalamu, akapiga mstari mrefu kwenye ripoti yake mwenyewe, na akamwambia askari wa zamu kwamba lori la kesho liondoke bila mtu.

Alawi alitolewa akiwa anapepesa macho kwa mwanga. Watu walimpigia kelele za furaha, mama yake tayari alikuwa mbele anamkumbatia na kumuuliza alisali msikiti gani Ijumaa. Macho ya Alawi yalikuwa chini. Alikuwa ameiona katani sakafuni. Akainama, akaiokota, akaupitisha mkunjo ule kati ya vidole vyake vyenye sugu, akatikisa kichwa.

"Nani kafunga hivi?" aliuliza. "Hili haliwezi kushika upepo."

"Halikufungwa kwa ajili ya upepo," Thabiti akamjibu, akaipokea kamba mkononi mwake, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni ili aipeleke Chikongola pamoja na mkeka.